Kabla Hujasema Nimekuuzia Betri Feki

Wiki iliyopita simu imelia saa moja asubuhi, chai bado iko jikoni. "Fundi, betri yako ni feki." Salamu hakuna. Ni mzee wangu mmoja wa Mbezi Beach, mtu ambaye siku zote nikimwamkia anajibu marahaba kisha anaulizia wanangu mmoja mmoja kwa majina. Siku hiyo shikamoo yangu ilipita juu kwa juu. Mwezi wa tatu nilimfungia betri mpya ya saizi NS70 kwenye Harrier yake. Mwezi wa saba gari haliwaki, dashibodi giza, hata rimoti haifungui mlango. "Miezi minne tu! Hiyo garanti yako ni ya karatasi?"

Nikamuuliza swali moja: tangu nifunge, gari limetoka mara ngapi? Akahesabu kwa sauti. Msiba Bagamoyo. Harusi ya mpwa wake. Siku moja hospitali. Mara tatu.

Simu za namna hii napokea karibu kila wiki, na zimeongezeka. Magari yanayolala hapa Dar ni mengi kuliko mtu anavyodhani. Kuna wa Kimara aliyechoshwa na foleni ya barabara ya Morogoro akaamua kupanda mwendokasi, gari akalifanya la Jumapili. Kuna watumishi waliohamia Dodoma. Tangu treni ya SGR ianze kufika huko mwaka 2024, wanakuja na kurudi kwa treni, IST inabaki Tabata imefunikwa turubai. Kuna wastaafu. Kuna walioko Uingereza na Marekani wanaomwachia gari shemeji mpaka Desemba. Wote hawa wanaamini kitu kimoja, kwamba gari lisilotembea halichakai, basi na betri yake itakuwa vilevile kama ilivyotoka dukani.

Gari likizimwa betri inaendelea na kazi. Alamu inakula, kompyuta ya gari inakula, saa na redio zinakula ili zisisahau. Kwenye gari ambalo nyaya zake hazijachezewa ni miliampea 20 hadi 50 hivi, kama bomba linalodondosha tone moja moja. Ila chukua hiyo 50. Kwa siku ni ampea-saa 1.2 (ampea-saa ndicho kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri), kwa mwezi ni 36, na NS60 iliyoko kwenye IST yako ina 45 ikiwa mpya na imejaa. Sasa ongeza kifaa cha kufuatilia gari, ongeza kamera ya kwenye kioo, ongeza ile redio yenye skrini kubwa ambayo kijana amekuungia moja kwa moja kwenye waya wenye umeme muda wote, hata gari likizimwa, kwa sababu alikuwa na haraka. Mwezi haufiki.

Na betri ikishakaa tupu ndipo ugonjwa wenyewe unapoanza. Ndani kuna vibati vya madini ya risasi vilivyolowa asidi. Umeme ukitoka, vibati vinashika utando wa salfeti. Ukichaji mapema utando unayeyuka, unarudi kwenye asidi. Ukiuacha wiki tatu nne unaganda, unakuwa chumvi ngumu nyeupe, na hakuna chaja itakayoubandua wote. Joto letu nalo halisaidii: kila nyuzi 10 zikiongezeka, betri inajimaliza yenyewe kwa kasi inayokaribia mara mbili, hata ikiwa imefunguliwa nyaya zote. Gari la Masaki lililoegeshwa juani mwezi wa pili linapikika.

"Lakini fundi, kila asubuhi namwambia mlinzi aliwashe dakika tano." Hii ndiyo njia ya mkato ninayoisikia kuliko zote, na ndiyo imeniuzia betri nyingi kuliko tangazo lolote. Kuna bosi mmoja wa Dodoma alinunua betri mbili ndani ya miaka miwili, ya pili akiwa amenuna, na kwenye grupu la ukoo akaandika kwamba nauza vitu vya kuchakachua. Nikaenda kwake Tabata alfajiri moja nikatazama kinachofanyika. Mlinzi kafika kwa wakati, kijana mwaminifu kabisa. Kawasha gari. Kawasha kiyoyozi hadi mwisho, kaweka redio, kachomeka simu yake kwenye chaja, kafunga mlango. Dakika tano zimepita, kazima, kaenda kumwagilia maua.

Injini ikiunguruma polepole altaneta, ile mashine inayochaji betri, haitoi umeme mwingi, na huo inaoutoa ulikuwa unaishia kwenye feni, redio na simu ya mlinzi. Hata tuseme betri imeambulia ampea 10: kwa dakika tano haifiki ampea-saa moja, na hapo hapo toa ule umeme ambao stata, mota ya kuwashia injini, imekula kuwasha. Gari hilo lilikuwa na kifaa cha kufuatilia kinachokula zaidi ya hapo kwa siku. Yaani kila asubuhi mlinzi alikuwa analipa riba, deni lenyewe liko palepale. Na injini isiyopata moto vizuri inakusanya unyevu kwenye oili, hilo ni balaa la fundi mwingine.

Kama huwezi kulitembeza dakika arobaini hadi saa moja kila wiki, barabara ikiwa wazi, chukua spana namba 10 ufungue tamino ya hasi, kile kibanio cha waya kwenye ncha ya betri yenye alama ya kutoa. Ni nati moja. Funga milango kwa ufunguo maana rimoti haitafanya kazi, na uhakikishe buti lako linafunguka kwa mkono. Baadhi ya redio za Kijapani zitadai namba ya siri, na vioo vya kujipandisha vyenyewe vinaweza kutaka kufundishwa upya. Ni usumbufu, nakubali. Hata hivyo, betri iliyofunguliwa nayo iletwe kuchajiwa kila baada ya miezi miwili.

Njia ya mkato ya pili ni mbaya zaidi. Dada mmoja wa Sinza mwenye Vitz aliona nauli yangu ya elfu ishirini ni kubwa, akamwita kijana wa kijiweni. Kijana kabusti, yaani kaazima umeme wa betri nyingine, gari likawaka, hadi hapo sina ugomvi naye. Kisha "ili apime altaneta" akachomoa tamino injini ikiwa inaunguruma. Magari ya zamani wazee walikuwa wanafanya hivyo, gari likiendelea kuwaka wanasema altaneta nzima. Kwenye gari lenye kompyuta, betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiichomoa ghafla volti zinaruka na kila kilichoko kwenye mstari kinapata kipigo. Vitz ilizima palepale, haikuwaka tena. Kontrolboksi, yaani kompyuta ya gari, ilikwenda. Alipata ya mtumba Gerezani baada ya kuzunguka siku mbili, na bei yake ilipita betri mbili mpya kutoka kwangu. Kipimo hichohicho kinafanywa kwa mita ya bei poa bila kufungua kitu: weka waya mbili kwenye tamino, injini iwe inaunguruma, usome kati ya volti 13.8 na 14.4 au juu kidogo ya hapo. Basi.

Sasa lini ununue mpya? Kwangu betri iliyokutwa tupu haihukumiwi siku hiyohiyo, na vijana wangu wote wanajua. Fundi anayeweka mita, anasoma volti 9, anasema "hii imekufa boss, nunua nyingine", huyo anabahatisha. Labda iwe imevimba, imepasuka au inavuja, hapo hata mimi sina la kuuliza. Nyingine zote zinafunguliwa, tamino zinapigwa brashi na maji ya moto, zile za kuongezwa maji tunatazama kimo na kuongeza maji ya betri, yale yasiyo na chumvi. Siyo ya bomba, siyo ya kunywa ya chupa, na siyo asidi. Nimeshaona mtu kajaza asidi juu ya asidi akidhani anaipa nguvu. Halafu inalala kwenye chaja ya polepole. NS60 naipa ampea nne na nusu, moja ya kumi ya ujazo wake, usiku kucha.

Asubuhi naitoa, naiacha hadi jioni bila kuigusa. Betri iliyotoka kwenye chaja inadanganya, ina volti za juujuu. Jioni ndipo napima. Ikisoma 12.6 na kuendelea, imeshika. 12.4, robo imekwenda. 12.2, nusu, na kama huo ndio mwisho wake baada ya usiku mzima, si wa kuitegemea. Ikisoma 10.5 sibishani nayo: betri ya volti 12 ina vyumba sita vya volti mbili na kidogo kila kimoja, na hapo chumba kimoja kimekufa. Ya maji unakiona kwa macho. Unaingiza haidromita, ile ya kioo yenye mpira wa kufyonza, inayopima uzito wa asidi, vyumba vitano vinasoma 1.265, cha sita hakifiki 1.200 na maji yake ni ya kahawia kama chai ya rangi. Vibati vimemomonyoka.

Kushika volti hakutoshi. Kuna betri inasoma 12.6 safi, ukigusa ufunguo inaanguka hadi 8. Kwa hiyo naiweka kwenye tesa ya mzigo, inakamuliwa sekunde 15, na ikishuka chini ya 9.6 haitaiwasha stata kwa muda mrefu. Mteja anasimama pembeni anaangalia sindano mwenyewe. Ninayo na tesa ya kisasa inayotoa karatasi, lakini watu wanaamini sindano.

Umri nautazama mwisho. Betri ya mwaka mmoja ikifaulu, rudi nayo nyumbani, sitaki hela yako. Ya miaka mitatu kwa joto hili, ambayo imeshaachwa tupu mara mbili tatu, hata ikifaulu leo nitakwambia anza kutenga fedha, na usiende nayo Tanga peke yako. Na unaponunua, kwangu au kwingine, tazama tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu betri inazeeka hata rafuni. Zile za mtumba zinazotolewa kwenye magari yaliyotoka Japani siziuzi. Unalipia mabaki ya miaka ya mtu mwingine.

Wenye Prius na Aqua, mna betri ndogo ya volti 12 pamoja na ile kubwa, na ndogo ndiyo inayozima gari zima. Ya Prius nyingi iko kwenye buti, ndani ya gari mnamopumulia, ina mpira wake wa kutolea hewa nje. Usikubali kufungiwa betri ya kawaida ya maji humo eti inalingana ukubwa.

Turudi kwa mzee. Betri yake niliikuta na volti 3.9. Ningeweza kumuuzia nyingine hapohapo, alikuwa ameshatoa pochi huku anafoka. Nikaichukua, ikalala kwenye chaja siku mbili, ikashika 12.6, ikafaulu mzigo. Kwa hiyo si feki. Nikarudi nayo Mbezi Beach, nikapitisha waya wa hasi kwenye mita, nikafunga milango yote, nikasubiri nusu saa kompyuta zilale. Mita ikabaki ampea 0.45. Ilitakiwa iwe 0.05 au chini. Nikachomoa fyuzi moja moja. Ya taa za ndani ndiyo iliyoishusha. Mzee akasema taa zote zimezimwa, na kweli, ukichungulia ndani ni giza.

Nikawasha kamera ya simu yangu irekodi, nikailaza kwenye buti, nikafunga. Baada ya dakika moja nikafungua tukaangalia wote wawili. Kwenye video buti linafungwa, kishindo kinasikika, na taa inaendelea kuwaka kama ya duka la mpesa usiku. Swichi ya kitasa ilikuwa imekwama kwa kutu ya chumvi ya bahari. Taa ya wati 5, kama kidole cha mtoto, inakula karibu ampea-saa 10 kwa siku. Betri ya 65 haimalizi wiki.

Nikaandika bili: safari mbili, kuchaji siku mbili, kutafuta uvujaji wa umeme, swichi. Elfu hamsini na tano. "Kuchaji mtaani elfu tatu!" Ni kweli mzee, elfu tatu zipo. Wanaipiga ampea 30 saa moja, inachemka mpaka inanuka yai viza, vibati vinapinda, na ukifika nyumbani unaona imejaa. Mimi nalipa umeme wa usiku kucha na kijana anaamka saa nane kuigusa ubavu kama imepata moto. Garanti yangu ya miezi 12 ni ya kasoro za kiwandani. Betri iliyoshindishwa njaa nyumbani haimo, na imeandikwa kwenye risiti kwa herufi kubwa, ile ambayo kila mteja anaikunja bila kusoma. Kalipa arobaini, kumi na tano kasema atatuma.

Ukileta betri ya kuchaji, ilete kabla ya saa kumi jioni ili iingie usiku uleule, na uichukue kesho yake jioni, siyo asubuhi. Ukileta na gari, niambie mapema kama kuna kifaa cha kufuatilia na nani alikifunga.