Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Masharti ya Kununua Hisa za Kampuni Changa

Ndugu wanachama,

Hesabu zilizokaguliwa mnazo mkononi na mweka hazina yupo kujibu, kwa hiyo sitazirudia. Taarifa hii inahusu suala lililoulizwa kuliko yote tangu mkutano uliopita hapa Kigoma: mwanachama anayetaka kikundi kinunue hisa za kampuni ndogo alete nini mbele ya kamati?

Dirisha la kukuza ujasiriamali (EGM) la Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2013 kwa ajili ya kampuni ndogo na changa, halidai kampuni iwe na historia ndefu ya faida. Lazima iwe na mshauri mteule, yaani mtaalamu wa kuiongoza kufuata masharti ya soko, na waraka wa matarajio, yaani maelezo ya kampuni kwa wanunuzi wa hisa, uidhinishwe na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Idhini hiyo maana yake ni kwamba taarifa zimewekwa wazi. Haisemi kwamba hisa ni nzuri.

Kwanza tunataka mtiririko wa fedha, siyo faida. Kampuni yenye shilingi bilioni 1.2 benki, inayotumia milioni 150 kila mwezi zaidi ya inazoingiza, ina miezi 8 ya kuishi. Baada ya hapo itakopa au itauza hisa mpya. Tazameni pia wadaiwa, yaani wateja waliochukua bila kulipa: mauzo yakipanda kwa asilimia 10 na wadaiwa kwa asilimia 60, faida hiyo iko kwenye karatasi. Aliyewahi kupeleka dagaa Kongo kwa mali kauli hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Hisa mpya ndizo wengi wanazozisahau. Kampuni yenye hisa milioni 20 na faida ya milioni 250 inapata shilingi 12.50 kwa hisa. Ikitoa nyingine milioni 10 na faida isisogee, inabaki shilingi 8.33. Aliyekuwa na asilimia 1 sasa ana 0.67, ingawa hakuuza hata hisa moja. Kwa hiyo mwombaji aandike: fedha mpya zitahitajika lini, na nani ana haki ya kupewa hisa kwa bei ya chini.

Maoni ya mkaguzi yasomwe yote. Hati inaweza kuwa safi huku aya ya chini ikitaja mashaka makubwa juu ya uwezo wa kampuni kuendelea na biashara. Kisha nendeni kwenye maelezo ya miamala na watu wa karibu: jengo la ofisi ni la mkurugenzi? Kodi ni kiasi gani? Kampuni inamdai nani mkopo usio na riba? Mimi huanzia hapo, kabla ya barua ya mwenyekiti wao yenye picha nzuri.

Lakini linaloumiza zaidi ni kutoka, yaani kuuza hisa. Bei iliyo kwenye ubao inaweza kuwa ya muamala wa wiki kadhaa zilizopita. Fungueni Hisa Kiganjani, programu ya simu ya Soko la Hisa, mtazame oda zenyewe: muuzaji anataka 500, mnunuzi anatoa 400. Ukinunua kwa 500 na kukatwa ada, tuseme asilimia 2, umelipa 510. Ukiuza siku hiyohiyo utabaki na 392. Zaidi ya asilimia 23 imekwenda na kampuni haijafanya kosa lolote. Na kama kwa kawaida huuzwa hisa 1,000 kwa siku, nasi tunazo 20,000, tukiuza robo ya biashara ya siku ili tusiangushe bei, tutahitaji siku 80 za soko. Hizo ni karibu miezi minne. Oda ziwekwe kwa bei tuliyoipanga. Oda ya bei ya soko, yaani kununua kwa bei yoyote iliyopo, kwenye hisa kama hizi ni kumkabidhi muuzaji pochi.

Kamati inapendekeza mpige kura juu ya mambo mawili: kampuni moja changa isizidi asilimia 5 ya mfuko, na zote kwa pamoja zisizidi 10. Fedha za ada za shule zisiguswe kabisa. Zibaki kwenye hatifungani za Serikali zinazoiva kabla ya Januari.

Mwombaji aambatishe hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, au za tangu kampuni ianze, pamoja na sentensi moja inayosema ni habari gani ikitokea tutauza. Isipokuwepo sentensi hiyo, katibu atalirudisha ombi bila kulifikisha kwenye kamati.