Mheshimiwa Meya, tufungie barabara ya msituni usiku wa mvua

Mheshimiwa Meya, habari za kazi. Mimi ni mkazi wako hapa Maine, kila siku natoka shifti saa sita usiku napita ile barabara inayokatiza msitu pale kwenye kidimbwi. Naandika Kiswahili maana wengi tunaopita pale usiku ndio lugha yetu.

Namwombea chura wa msituni, yule mdogo wenyeji wanamwita spring peeper, hata sentimita 4 hafiki, mgongoni ana alama ya X. Baridi yote analala chini ya majani makavu, mwili unaganda kiasi, ini linamwaga sukari kwenye damu ndio inamsaidia asife. Sasa theluji ikiyeyuka, mvua ya kwanza yenye kajoto ikinyesha usiku, wanatoka wengi kwa mpigo wanafuata maji, na barabara yetu ipo katikati.

Mwaka jana mwezi wa nne nilipaki pembeni nikashuka na tochi. Dume mmoja alikuwa kwenye unyasi juu ya maji, koo limevimba kama puto, linakaribia ukubwa wa mwili wake, analia pii, pii, pii kama kifaranga, anaita jike, wenzake kibao wanaitikia mpaka ukisogea mbali unasikia kama njuga. Nimekulia Ifakara kwenye majaruba ya mpunga, kwetu chura wakilia hivyo unajua masika imeingia, basi nilisimama pale machozi yakanitoka. Mara zikapita gari mbili. Nilipomulika lami nikakuta 11 wamesagwa, na jike mmoja tumboni anabeba mayai mamia.

Ombi langu ni siku chache tu, mwisho wa mwezi wa tatu mpaka wa nne, usiku wa mvua, baridi ikishapungua, wekeni koni toka giza linapoingia hadi alfajiri, sisi tutazungukia barabara kubwa, nimejaribu mwenyewe, dakika sita tu zinaongezeka. Mbona East Brunswick kule New Jersey wanafunga Beekman Road usiku kama huo, na Amherst, Massachusetts, toka 1987 wana njia mbili chini ya Henry Street za kupitisha salamanda, wale ndugu wa chura wenye mkia.

Watu wa kusimama na tochi tupo, mimi na majirani wanne. Theluji imeshaanza kulowa Mheshimiwa, tunaomba jibu wiki hii.