Mfarishi wa viraka uliolala kabatini: ulete kama ulivyo

Karibu kila mteja anayetuletea mfarishi wa viraka ambao haujaisha huanza kwa kuomba radhi. Kabla hatujagusa kitu anakuwa ameshaeleza kwamba aliuanza akiwa na ujauzito, na sasa mtoto yuko sekondari. Mama, dada, usione haya. Kazi hizi zikikwama, mara nyingi hukwama mahali palepale: viraka vimeshaungwa, uso unapendeza, halafu inabaki kuunganisha tabaka tatu: uso, pamba ya ndani, na mgongo, yaani kitambaa cha chini. Mzigo wote ule kuupitisha chini ya mguu wa cherehani ndogo ya nyumbani ni shughuli pevu. Hapo ndipo mafundi wetu wanapoingia.

Ombi letu ni moja: usiufue na usiufumue kabla ya kuuleta.

Kufua ndiko kunakoharibu zaidi. Kingo za viraka bado ziko wazi, kwa hiyo majini zinachambuka nyuzi, na robo inchi uliyoacha kwa ajili ya mshono inaliwa. Halafu kuna rangi. Khanga ya kisutu, ile ya harusi yenye nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe, ni nzuri sana kwenye viraka, lakini nyekundu ikichuja inatia doa kila kilicho jirani. Wengi wanaamini kuloweka kwenye chumvi au siki kunazuia. Kwa pamba iliyokwisha kutiwa rangi kiwandani, hakuzuii. Sisi tunalowesha kitambaa cheupe kidogo tu, tunakilaza juu ya kila rangi nzito na kukikandamiza kwa pasi ya moto. Kikitoka na wekundu, tunajua kiraka kipi ni cha kuogopa, na tunazungumza na wewe kabla ya kuendelea.

Jambo la pili ni vipimo, na hapa ndipo wateja wengi wanapokata tamaa bila sababu. Tuseme ulikata viraka vya inchi 5. Ukishona kwa robo inchi kila upande, kila kiraka kinabaki inchi 4 na nusu, na viraka 14 kwa mstari vinakupa inchi 63. Ukizidisha mshono kwa nusu ya robo tu, ule mstari unapungua zaidi ya inchi 3. Ndiyo maana mistari ya mwaka huu haikutani na ile ya miaka kumi iliyopita, ingawa uliikata kwa kipimo kilekile. Hatufumui mistari yote. Tunapima kila mmoja kwa futi kamba, tunachukua ule mfupi kuwa kiongozi, na tunabana ile mirefu kidogo kidogo kwenye viungo, pale ambapo jicho halioni.

Na kitanda chenyewe kimebadilika. Ulikata kwa ajili ya kitanda cha mtoto cha futi tatu kwa sita. Leo unacho cha tano kwa sita, na ungependa mfarishi uning'inie pembeni. Wengi wanataka tutafute kitambaa kilekile. Ikiwa ni kitenge cha kiwanda cha Urafiki cha enzi za mama yako, hata ukizunguka Mtaa wa Uhuru kutwa nzima unaweza usikipate. Ushauri wetu ni usitafute kinachofanana. Kitambaa kipya kinachoiga cha zamani kinajulikana papo hapo, na kinafanya vile vya zamani vionekane vimechoka. Ongeza upana kwa pindo la khanga: ule ukanda wa pembeni ulibuniwa kuzunguka mji wa khanga, yaani sehemu yake ya katikati, na ukizunguka viraka unavituliza. Jina la khanga likate zima, tulishone nyuma upande wa kichwani. Kukata maneno katikati hatupendi, na hakuna mteja aliyewahi kutuomba tufanye hivyo.

Kwa mgongo, doti moja haitoshi kitanda cha tano kwa sita. Lete doti mbili, au shuka la pamba tupu.

Angalia pini. Hewa ya Dar ina unyevu na chumvi ya bahari, na pini iliyoachwa kwenye kitambaa tangu masika ya miaka iliyopita inaacha kidoa cha kutu, kidogo kama punje ya uwele, ambacho sabuni haikitoi. Usiivute kwa nguvu, maana kutu huwa imeshikana na nyuzi. Tuachie sisi. Kiraka chenye doa tunakifunika kwa kiraka kingine juu yake, tunashona kwa mkono, na kile cha awali kinabaki palepale chini. Ukungu nao unaletwa na mifuko ya nailoni. Ukiwa unasubiri nafasi ya kuja, weka kazi yako ndani ya foronya ya pamba.

Ndani tunaweka nini? Kwa joto letu, pamba nyembamba ya kutandaza au shuka kuukuu la pamba linatosha. Faiba nene itakuchemsha, na utaurudisha mfarishi kabatini. Wapo wanaoleta sufi ya mito ya bibi. Tunaelewa mapenzi hayo, lakini sufi ikilowa hujikusanya mabonge, na mfarishi unaharibika mara ya kwanza unapofuliwa. Tunakupigia bandi, yaani mshono wa muda, tabaka zote tatu kuanzia katikati kwenda nje, ndipo tunashona.

Kama sehemu ilishonwa kwa mkono na mtu ambaye hayupo tena, tuambie mapema. Mishono hiyo hatuiondoi hata ikiwa imepinda. Tunaipitishia mshono wa pili pembeni ili ishike.

Bei tunaitaja baada ya kuutandaza mezani na kuupima mbele yako, kwa sababu mfarishi uliobakiza mgongo tu na ule uliobakiza nusu ya viraka ni kazi mbili tofauti. Njoo na vipande vyote, hata vile vidogo unavyodhani ni takataka. Vinatufaa kuziba matobo.