Kozi za jumla chuoni zisifundishwe kama adhabu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi, wahadhiri na vijana wanaoanza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu kuhusu masomo yale ambayo kila mwanafunzi hulazimika kuyasoma, awe wa udaktari, sheria au uhandisi, na ambayo karibu kila mwanafunzi huyaona mzigo.

Mwanangu wa mwisho alianza uhandisi mwaka jana. Alipokuja likizo nilimkuta sebuleni akikariri karatasi zilizodurufiwa mpaka maandishi yamefifia, maswali ya mitihani ya nyuma pamoja na majibu yake, yale wanayoyaita madesa. Nilipomuuliza anasoma somo gani, alinijibu, "Ni DS tu, baba. Hiyo ni ya kupita." Alikuwa na maana ya Taaluma za Maendeleo, kwa Kiingereza Development Studies. Sikumlaumu, kwa sababu alinieleza kwamba ukumbi wao unajazwa wanafunzi mia kadhaa wa fani zote, kipaza sauti hukatika kila mara, wanaochelewa husimama madirishani, na mmoja huwasainia wenzake mahudhurio ili wao wabaki bwenini. Kilichoniuma ni kwamba somo hilohilo ndilo lililoniokoa kazini.

Nilimaliza Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuajiriwa katika idara ya maji. Mwaka 1996 tulipelekwa wawili, mimi na mwenzangu aliyenizidi sana katika hesabu za mtiririko wa maji, kwenye kijiji kimoja cha Dodoma kuwaeleza wananchi kwamba kisima kipya kitachimbwa iwapo wataunda kamati ya maji na kuchangia mfuko wa matengenezo. Mkutano ulifanyika chini ya mkwaju, hatua chache kutoka kwenye kibanda kilichokuwa na mashine ya dizeli iliyoota kutu, ambayo kuku walikuwa wameigeuza kiota. Mwenzangu alieleza vizuri kina cha kisima, idadi ya ndoo kwa saa na kiasi ambacho kila kaya ingechangia. Alipomaliza, mzee mmoja alisimama akasema, "Mwaka 1974 tulihamishwa kutoka kwenye mashamba yetu tukaambiwa tuje hapa, maji yatatufuata. Maji yalikuja, yakafa. Leo wewe kijana unataka tuyanunue?"

Mwenzangu alirudia hesabu zake, na watu wakaanza kuondoka. Niliomba kuzungumza. Nilianza kwa kukiri kwamba mzee alikuwa anasema kweli, kwa kuwa mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia maji watu wote wa vijijini, tena bila malipo, na kwamba ahadi hiyo haikutimia. Kisha nikaeleza jinsi nchi ilivyotoka katika Vita vya Kagera ikiwa imeishiwa fedha za kigeni, jinsi dizeli na vipuri vilivyoadimika miaka ya themanini, na kwa nini sera ya maji ya mwaka 1991 ilimtaka mwananchi naye achangie. Hayo yote sikuyapata katika somo lolote la uhandisi. Niliyapata katika semina za DS, tukiwa wanafunzi wasiozidi ishirini tunabishana na mwalimu ambaye hakukubali jibu lisilo na sababu. Wanakijiji hawakukubali siku ile, lakini walikaa tena chini, tukazungumza hadi jua lilipozama. Kamati iliundwa katika mkutano wa tatu, na mzee yule ndiye aliyechaguliwa kutunza daftari la michango.

Najua asili ya kozi hii na mashaka yanayoizunguka. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao mamia yao. Azimio la Arusha lilifuata Februari 1967, na mwezi uliofuata chuo kikafanya mkutano kuhusu wajibu wake katika nchi ya kijamaa, ndipo likajengeka wazo la kozi moja kwa wanafunzi wote. Wako wanaosema ilikuwa siasa ya chama iliyovalishwa joho, na wana sehemu ya ukweli. Hata hivyo, swali lililoizaa, kwamba msomi anayesomeshwa kwa jasho la mkulima anamfahamu mkulima huyo kwa kiasi gani, halijazeeka hata kidogo.

Tena leo lina uzito zaidi. Kijana wetu huchagua kombi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano na sita, akiwa na miaka kumi na sita au kumi na saba. Anayekwenda PCM (fizikia, kemia na hisabati) hana historia katika kombi yake, na anayekwenda HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) huagana na fizikia na kemia. Chuo ndipo mahali pa mwisho wanapoweza kukaa chumba kimoja wakasikilizana kabla mmoja hajawa hakimu na mwingine mjenzi wa madaraja.

Wazazi wenzangu huuliza kwa nini walipie ada ya somo lisiloleta ajira, na kwa hali ya ajira ilivyo siwezi kuwabeza. Ninachowaomba ni kutofautisha somo na namna linavyofundishwa. Ukumbi wa watu mia nane unaofuatiwa na mtihani wa kuchagua herufi haumfundishi mtu kufikiri. Vyuo virudishe semina za watu wachache, mwanafunzi aandike insha mbili kwa muhula zisomwe na kurudishwa zikiwa na maoni, na katika semina hizo aruhusiwe kujenga hoja kwa Kiswahili, lugha atakayoitumia siku atakaposimama chini ya mkwaju wake.

Ratiba za mwaka mpya zinapangwa sasa. Nawasihi wanaozipanga wasiyasukumie masomo haya Ijumaa jioni, wala wasiyaachie wahadhiri wasaidizi walioajiriwa juzi peke yao. Wawape wanafunzi wa mwaka wa kwanza maprofesa wetu waliosoma sana na kutembea sana.

Mhandisi wa maji mstaafu,
Morogoro