Usikiri kosa kabla hujaonana na wakili

Fort Worth, Jumanne usiku

Baba Neema, ndugu yangu,

Shemeji amenipigia jioni hii akanieleza yote: ulivyokamatwa usiku wa Jumamosi ukiendesha gari umelewa ukitoka harusini, mashine ya kupima pumzi ilivyosoma kilevi 0.11 wakati mpaka wa hapa Texas ni 0.08, na ulivyotoka kwa dhamana Jumapili. Nimemshukuru Mungu kwamba hukumgonga mtu, nawe u mzima. Ila aliposema kuwa siku ya mahakama unataka ukubali kosa, ulipe faini na mambo yaishe, nimeona nisilale kabla sijakuandikia. Nakuomba usifanye hivyo.

Kazi yangu ya ukalimani mahakamani unaijua. Kule naruhusiwa kutafsiri tu. Kumshauri mtu ni marufuku. Nimesimama kando ya Watanzania, Wakenya na Wakongomani wakisema "ndiyo, nakubali" kwa sababu tu wamechoka na wanataka kurudi kazini, nami nikalitia neno hilo kwenye Kiingereza, likaandikwa. Kwako sipo kazini, kwa hiyo nitasema.

Kwanza kabisa, tafuta karatasi uliyopewa na polisi walipochukua leseni yako. Una siku 15 tangu ulipoipokea kuomba kusikilizwa kuhusu leseni. Hilo ni shauri jingine, haliko kwenye kesi ya jinai, na wengi wetu hulikosa kwa kudhani kila kitu kinasubiri tarehe ya mahakama. Usipoomba, leseni inaanza kufungiwa siku ya 40, kwa siku 90. Ukiomba, inabaki hai mpaka uamuzi utoke, na wakili wako anaweza kupata nafasi ya kumhoji yule askari chini ya kiapo mapema. Maombi yanapelekwa DPS, yaani idara ya usalama wa umma ya jimbo, na unaweza kuyapeleka mwenyewe hata kabla hujapata wakili. Fanya kesho.

Sasa hiyo faini unayotaka kuilipa. Kosa la kwanza kama lako lina kifungo cha saa 72 hadi siku 180 na faini hadi dola 2,000, na tangu 2019 anayetiwa hatiani huongezewa dola 3,000 za serikali ya jimbo. Hayo yanabebeka. Kinachonitisha ni CDL yako, leseni yako ya kuendesha magari ya biashara. Ingawa ulikuwa kwenye gari lako dogo, hatia ya ulevi inakufungia kuendesha lori mwaka mzima. Ile leseni maalumu ambayo mahakama huwapa watu waende kazini haigusi magari ya biashara. Watu kijiweni watakuambia kuna mpango wa kukaa chini ya uangalizi kisha kesi inafutwa. Upo kweli, lakini mwenye CDL haupati. Hata wasio na CDL wasiushangilie haraka: ukikiri kosa ili uingie humo, uhamiaji huhesabu kuwa umetiwa hatiani.

Hapo ndipo roho inaponiuma zaidi, kwa sababu bado una kadi ya kijani na unajiandaa kuomba uraia. Kosa moja la ulevi barabarani, lisilo na majeruhi, kwa kawaida peke yake halimfukuzishi mtu nchini. Lakini maombi ya uraia yanapima mwenendo wako, na makosa mawili ni balaa. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras, dereva wa lori kama wewe, aliyekaa hapa kihalali zaidi ya miaka 40. Kosa lake lilikuwa la kubeba bangi. Wakili wake alimwambia asijali habari za uhamiaji kwa kuwa ameishi hapa muda mrefu. Akakiri, na kukiri huko kukamweka kwenye hatari ya kufukuzwa. Mahakama ikasema wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja kama kukiri kunaweza kumfukuzisha. Basi neno la kwanza kwa wakili wako liwe, "Mimi si raia."

Tafuta anayeshughulikia kesi hizi kila wiki, na aliyewahi kuwatetea wenye CDL. Jina lake liangalie kwenye tovuti ya State Bar of Texas uone kama ana leseni na kama amewahi kuadhibiwa. Muulize ni nani hasa atakayesimama nawe mahakamani, yeye au msaidizi. Yule ndugu yetu anayejaza fomu za uhamiaji ni mtu mwema, ila si wakili. Usimpelekee jambo hili. Pesa zikigoma, mwambie jaji huna uwezo uteuliwe wakili. Huyo atakutetea kwenye jinai. Shauri la leseni kwa kawaida linabaki juu yako.

Wakili mzuri ataitisha video ya askari na kumbukumbu za mashine. Atauliza kama aliyekupima alikuwa nawe dakika zisizopungua 15 kabla hujapuliza mashine, kama inavyotakiwa. Atauliza, askari alipokupima ulevi kwa mwendo, ulivyotembea zile hatua tisa kisigino kwa kidole na kusimama kwa mguu mmoja. Mwambie habari za goti lako, lile lililoumia kwenye uwanja wa Mkwakwani kule Tanga. Sijui kama askari alikuuliza. Mweleze pia ulikunywa chupa ngapi, bila kupunguza hata moja, maana siri yako kwake inalindwa na sheria. Kwenye kundi la WhatsApp usiandike lolote. Na uombe mkalimani. Kiingereza chako kinatosha kupakia na kushusha mzigo, ila mahakamani neno moja likikupita limekupita.

Habari ya kunywa kisha kushika usukani tutaiongea tukikaa wawili, na sitakuficha ninavyoona. Watoto wako wanapanda gari hilo.

Jumamosi nakuja Houston asubuhi. Kama utakuwa umepata miadi na wakili siku hiyo, nitakaa nawe nikutafsirie. Mpe pole shemeji, na wabusu watoto.

Nduguyo,
Baba Zawadi