Sasa Naitwa Nyar Tanga

Kisumu, Mei

Somo yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Mie huku sijambo, alhamdulillahi, isipokuwa mafua ya mvua hizi za masika.

Uliniuliza kwenye simu, "Kisumu umeshaizoea?" nikakujibu nimezoea, nikakatisha maneno. Nisamehe. Jibu lenyewe lilikuwa refu, na ningelianza kwa mdomo ningelia, nawe ungelia huko, na salio lingetuishia. Leo ni Jumapili, stima imekatika (umeme ndio huitwa hivyo huku), nimekaa dirishani. Wacha nikuandikie.

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla sijapanda basi. Wewe uliniambia, "Unakwenda ugenini," nami nikakujibu ugeni gani, Wakenya si wanasema Kiswahili? Kazini nina wenzangu wawili waliotoka Ulaya. Wao walikuja wakijua kuwa ni wageni, kwa hiyo waliuliza kila kitu, mpaka namna ya kumsalimu bawabu. Mie sikuuliza. Nilidhani ukijua lugha umeshafika.

Majina ya vitu hayakunisumbua. Sato ni ngege, sangara ni mbuta, dagaa ni omena, choroko ni ndengu, giligilani ni dhania, daladala ni matatu. Unga hupimwa kwa gorogoro, kopo la kilo mbili. Wiki mbili zilinitosha. Kilichonichoma ni namna ya kusema. Mtu anafika mezani kwangu kazini: "Nipe hiyo faili." Hakuna naomba, hakuna habari za asubuhi. Nikienda soko la Kibuye namwambia mama mboga, "Naomba nyanya za shilingi hamsini," ananitazama kwa huruma, anauliza, "Kwani huna pesa?" Siku moja kijana wa umri wa mwanangu alinipita ngazini akasema, "Sasa!" Nikasimama kungoja shikamoo, haikuja. Niliingia ndani nikafunga mlango, nikalia. Nikajiambia watu hawa hawana adabu. Nakuandikia neno hilo wazi kwa sababu niliishi nalo miezi mitatu mizima, na lilinifanya niwe mtu mbaya. Nilikuwa napita uani bila kumtazama mtu.

Miezi hiyo kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Magharibi huku huingia nyuma ya Tanga kwa robo saa hivi, maana tuko mbali upande wa machweo na saa zetu ni zile zile. Nikiwa nangoja adhana nilijua nyinyi mmeshasali, na Ramadhani ilipokuja nilijua mmeshakula tende. Jioni mvua inatoka ziwani na radi zake, inapasuka juu ya bati, mpaka vikombe vinagongana kabatini.

Na ziwa lenyewe, somo! Tanzania ina asilimia 49 ya ziwa hili la Viktoria, Kenya 6 tu, lakini mie wa baharini nimelionea huku. Wajaluo, wenyeji wa huku, huliita Nam Lolwe. Nilikwenda Dunga, wavuvi wanapotia mashua zao, nikavuta pumzi kutafuta harufu ya chumvi. Hamna. Maji hayakupwi wala hayajai. Gugu maji limetanda kijani kibichi, ukadhani ni shamba, na upepo ukigeuka linahama lote, kesho unalikuta kwingine. Nilirudi nyumbani na huzuni kubwa kuliko niliyoondoka nayo.

Aliyenitoa humo ni jirani yangu wa mlango wa kushoto. Huitwa Nyar Gem, yaani binti wa Gem, alikozaliwa. Kwa Wajaluo mwanamke hata akiolewa mbali na kuzaa watoto sita, jina la kwao linamfuata. Alipofiwa na baba mkwe wake nilikwenda mbio, kanga kichwani, nikampa mkono wa pole, nikauliza kama tunavyouliza sisi: "Tunazika saa ngapi?" Kwetu maiti halazwi, aliyekufa alfajiri, alasiri ameshahifadhiwa. Akanishika bega. "Mama, tunazika Jumamosi ya tatu kutoka leo." Mwili ukae mochari kwanza, watoto walioko Nairobi na Mombasa wafike, nyumba ya mzee itengenezwe, hema zikodiwe, mchango ukusanywe.

Kila jioni tulikaa uani kwa ajili ya mchango huo. Nilitoa nilichokuwa nacho, jina langu likaandikwa kwenye daftari, kisha likasomwa kwa sauti mbele ya watu. Nilitaka ardhi inimeze, maana kwetu sadaka hutolewa kimyakimya. Nikamtazama Nyar Gem. Kila jina lililosomwa lilimnyanyua kidogo, kama mtu anayetuliwa mzigo. Basi nikaelewa yanasomwa kwa ajili ya nani.

Nikapanda nao basi la msafara. Tulipita Maseno, pale Ikweta inapokata barabara, tukaingia Siaya mpaka boma la mzee, Alego. Nduru ile sitaisahau. Wanawake walishuka garini wakilia kwa sauti za juu, wakikimbia kuelekea nyumbani, wakimwita marehemu kwa majina yake ya sifa. Mie niliyefunzwa kwamba subira ni kufumba mdomo nilisimama miguu ikitetemeka. Wakumbuka mama alipofariki, tuliambiwa tusipaze sauti, na mie sikupaza. Pale Alego, kwa mzee nisiyemjua, nilimlilia mama. Hakuna aliyeshangaa. Bibi mmoja alinivuta mkono, akanikalisha mkekani kando yake, akawa ananiita nyathina, mwanangu, mpaka nikanyamaza.

Asubuhi yake ndipo nilipokiona nilichokuwa nakitafuta mjini. Mtu anakuja, anakupa mkono na hauachii. "Oyawore." Unajibu, "Oyawore ahinya." Kisha anakuuliza ulivyolala, njia ilivyokuwa, watu wa kwenu. Salamu ndefu kama zetu za Ngamiani, lakini kwa Kijaluo. Na Nyar Gem, yule yule anayeniambia mjini "Leta chumvi," hapo alikuwa akiwaamkia wazee kwa sauti laini ambayo sijawahi kuisikia kwake. Somo, mie Kiswahili nimebembelezewa nacho. Yeye amekikuta shuleni, kikiwa na mtihani, na sokoni. Anakitumia kama panga la kuazima: anakata alichotaka kukata, analirudisha. Upole wake ameuweka kwenye lugha ya mama yake, na mie miezi mitatu nilikuwa nautafuta kwenye lugha ya mama yangu, nikiukosa namwita hana adabu. Niliona haya mpaka nikashindwa kula.

Mzee alizikwa ndani ya boma lake, hatua chache kutoka mlangoni. Usiku Nyar Gem akanieleza kwamba ile ya Kisumu ni ot tu, nyumba ya kulala. Kwao ni dala, hapa. Akanikumbusha kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka amzike kwenye shamba lao karibu na Nairobi. Ukoo wa Otieno, Umira Kager, ukasema azikwe kwao Nyalgunga, huku huku Siaya. Walivutana mahakamani miezi mitano, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga. Watu huku wanaizungumza kama habari ya juzi. Mie moyo wangu ulikuwa upande wa mjane, na bado uko. Miaka yote ile ya ndoa ilistahili kupewa uzito. Nilimwambia Nyar Gem hivyo, tukabishana mpaka taa ikaisha mafuta. Lakini niliwaelewa na wale wa ukoo, kwamba mtu wao asilale peke yake mbali na kwao.

Kisha akaniuliza, kwa wema kabisa, "Na wewe, Nyar Tanga, ukipatwa na jambo hapa, tukupeleke wapi? Tumpigie nani?"

Ndiyo mara ya kwanza kuitwa jina hilo. Miezi yote nilikuwa mama wa nyumba namba nane. Akatoa simu aandike, nikampa namba yako. Kwa hiyo ukipigiwa na namba ya Kenya usiyoijua, usiogope, pokea. Anataka kukusalimu tu. Amenihakikishia ataanza na shikamoo, ingawa nimemweleza kuwa wewe na yeye ni rika moja.

Nimejifunza kupika osuga, ile mnavu, wanayoitia maziwa na kuilaza usiku kucha ili uchungu upungue. Mara ya kwanza sikuimaliza, sasa naipenda. Kijaluo natamka vibaya, watoto wa ploti, hapa uani kwetu, wananisahihisha, na mie nakubali kusahihishwa. Bibi yule wa Alego ameniletea salamu mara mbili na kikapu cha karanga.

Naomba mambo mawili. Mtu akija huku, mpe doti moja ya kanga anifikishie, nyekundu, ya Nyar Gem. La pili ni zito kidogo. Sisi wanawake hatukwenda kaburini siku ya mama, na mpaka leo sijui amelala upande gani. Mwambie kaka akafyeke majani kabla mvua hazijazidi, kisha asimame pale apige picha, na mti wa karibu uonekane, anitumie. Nyar Gem ameniuliza liko vipi, nikakosa la kumwambia.

Wasalimie wote, mmoja mmoja kwa jina.

Ni mie somo yako,
Nyar Tanga