Kuponi iliyokufa isivalishwe kijani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu tovuti zinazokusanya ofa na kuponi za punguzo. Juzi nilikuwa kwenye daladala hapa stendi ya Moshi nikisubiri ijae, nikawa naagiza begi la shule la mwanangu kwa simu. Nikaona kuponi ya asilimia 20, imeandikwa "inatumika" kwa kijani kibichi. Kuiingiza, imekwisha muda. Nikajaribu ya pili, ya tatu, mpaka ya tano. Zote maiti, na bando limekwenda.

Chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu yanayotaka miwani, tarehe ya mwisho ilikuwa imepita miezi minne.

Huu si uzembe mtupu. Tovuti nyingi za aina hii hulipwa kamisheni ukibonyeza kiungo chao kisha ukanunua, hata kama kuponi imegoma. Muuza mitumba wa Kiborloni akiita "buku, buku" halafu ukifika akuambie hiyo ilikuwa bei ya jana, atazomewa (na mama zetu wa kule hawana simile).

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Sisemi ofa za zamani zifutwe; wengine tunapenda kujua bei iliwahi kushuka kiasi gani. Ziwekwe kando, tarehe ikae juu, na kitufe cha kunakili kiondolewe.

Begi nimelinunua sokoni Mbuyuni, kwa kupatana.

Msomaji wenu,
Moshi